Mwenye Mtoto Afike Mapokezi

Siku ile sikutakiwa kuwa kazini. Naanza na hilo kwa sababu baadaye Injinia alisema nilimtega, na mimi sina hiyo tabia. Ningekuwa nayo, nisingenaswa mimi. Zamu ilikuwa ya Kasuku, mwenzangu wa meza ya mapokezi. Tunamwita Kasuku kwa sababu huongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na Mungu naye ana utani wake: asubuhi ya ufunguzi wa jumba la maduka ambalo mji mzima ulikuwa unalisubiri, Kasuku akaamka hana sauti. Meneja akanipigia simu. Nikamweleza kwamba kesho nina wageni wakubwa nyumbani, mimi na mama tuko kwenye kufua mapazia. Akanijibu kwamba jumba la ghorofa nne haliwezi kufunguliwa likiwa bubu. Nikajikausha mikono, nikavaa sare, nikaondoka huku mama ananung'unika.

Injinia sikumwambia. Alikuwa safarini, au hivyo ndivyo alivyoniaga: anakwenda kumchukua mjomba wake, mtu pekee aliyebaki katika ukoo wao, ili Jumapili waje wote wawili kwetu kuniposa. Nikaona nisimsumbue njiani.

Ngoja niwaeleze Injinia ni nani, maana msipomjua mtaniona mjinga bure.

Jumba hili mimi nililijua likiwa halina paa. Walituajiri mapema sisi wa mapokezi, kwa sababu mtu anayetangaza kwenye vipaza sauti lazima alijue jengo kama anavyoijua nyumba ya mama yake: choo cha watu wenye ulemavu kiko wapi, mama anyonyeshee wapi, ukipanda kutoka maegesho ya chini unatokea mlango upi. Wa kututembeza alikuwa yeye, msimamizi wa lifti na ngazi za umeme. Kasuku alichoka siku ya kwanza. Mimi nikaendelea kutembezwa.

Alinivalisha kofia ngumu kwa mikono yake, akafunga mkanda chini ya kidevu changu polepole, na vidole vikachelewa kuondoka. Tulipanda ngazi za umeme zikiwa bado hazina umeme, zimejaa vumbi la saruji. Alikuwa ananisimamisha mahali patupu ananiambia, hapa patakuwa na sinema, fumba macho uisikie. Nafumba, naisikia. Hapa ukumbi wa chakula, watu wamejaa, mimi na wewe tumekaa meza ile ya pembeni. Naiona. Pale watoto watacheza. Nikaona mpaka watoto, na sura zao nikazijua ni za nani. Mtu akishakuzoeza kuona vitu ambavyo havipo, siku akikuonyesha ndoa nayo utaiona.

Juu kabisa, katikati ya paa, kuna kioo kikubwa cha mviringo. Siku kilipofungwa alinishika mkono mbele ya mafundi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lile ni dirisha la malaika. Wanachungulia wapendanao."

Msinicheke. Nilimpenda palepale. Nilimpenda hata kila usiku nikawa namtumia sauti yangu kwenye simu badala ya maandishi, kwa sababu alisema maandishi hayamtoshi, bila sauti yangu usingizi haumjii. Nami nikaona raha, mtu mzima na kofia yake ngumu, halali mpaka nimsemeshe.

Mlima ulikuwa mama. Hakumkataa kwa sura wala kwa kazi. Alichokataa ni kwamba Injinia hana watu. Kila nikimtaja, mama ananiuliza mtu mzima mzima anakosaje mama, anakosaje dada, anakosa hata shangazi wa kugombana naye, kwani aliangulwa kwenye yai? Shangazi yangu naye hakuniacha. Alinikumbusha wachumba wawili niliowarudisha mlangoni, akaniambia mchagua nazi hupata koroma. Nikawajibu kwamba uyatima si kosa la mtu. Tukanuniana nyumba nzima, sahani zinawekwa mezani kwa kishindo, hakuna anayemwambia mwenzake nipitishie chumvi. Mwishowe mama alilegea. Hakulegea kwa kumwamini Injinia. Alilegea kwa kunionea huruma mimi, nilivyokonda. Akasema mlete, lakini aje na mtu wake hata mmoja. Kwa hiyo Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kumwonyesha mama kwamba moyo wangu haukukosea. Nilikuwa nimeiweka mbele kuliko kitu chochote duniani.

Sasa turudi Jumamosi.

Penye wengi pana mengi. Milango ilipofunguliwa watu waliingia kama wamefukuzwa. Wengine walikwama chini ya ngazi za umeme, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, wanasukumana nani atangulie. Mzee mmoja alipanda lifti akakataa kushuka, akawa anawaambia wanaoingia kwamba yeye amefika. Mama mmoja alikuja mezani kwangu kuuliza baridi hii inazimwa wapi. Mbele yangu kulikuwa na supamaketi, kulia benki, kushoto duka la viatu lenye muziki wa kupasua masikio, na mimi katikati na kipaza sauti changu, nimenyooka, najisikia mwenye mji. Nikatangaza gari jeupe lililoziba njia ya magari ya wagonjwa, mwenyewe alitoe. Nilipenda kuisikia sauti yangu ikizunguka ghorofa zote nne. Sikujua nani mwingine alikuwa anaisikiliza.

Haukupita muda akaja Afande, mkuu wetu wa walinzi, mstaafu wa jeshi ambaye masikio yake aliyaacha hukohuko jeshini, kwa hiyo huongea na kila mtu kama yuko ng'ambo ya mto. Alikuwa amebeba mtoto wa kike, miaka minne hivi. Gauni la njano, kiatu kimoja, plasta gotini. Amelia mpaka amebaki na kwikwi peke yake.

Nikamkalisha juu ya meza, nikampangusa uso. Nikamuuliza mama yake anaitwa nani.

"Mama."

"Na baba?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea. "Baba."

Hapo ndipo mjue utaratibu wetu, maana ndio ulioniua na ndio ulioniokoa. Mtoto aliyepotea hakabidhiwi mtu kwa sura yake nzuri wala kwa machozi yake. Tunatangaza nguo, lakini kitu kimoja tunakificha. Anayekuja anasimama mbele ya meza, anasema kwa sauti yeye ni nani wa mtoto, mlinzi akisikia. Halafu anakitaja kile tulichokificha. Halafu mtoto naye akubali. Kimoja kikikosekana, mtoto haondoki, hata aje rais. Tulifundishwa hivyo mpaka tukawa tunaota.

Nikatangaza: mtoto wa kike, gauni la njano, amepoteza kiatu kimoja, mwenye mtoto afike mapokezi. Plasta ya gotini nikaificha.

Tukakaa tukisubiri. Nikampa kalamu achezee, akatulia, akaanza kuniambia habari zake. Wamekuja na basi kubwa. Amelala njiani. Baba yake anatengeneza ngazi zinazotembea, na baba huwa anakaa kazini sana, akija nyumbani analeta biskuti. Nikacheka, nikamwambia biskuti ni nzuri. Mafundi wa ngazi walikuwa wengi, na wote walikuwa na makwao. Kisha mtoto akainua kidole juu, kwenye kioo cha paa.

"Lile dirisha la malaika," akasema. "Baba kasema. Wanachungulia watoto wanaomaliza chakula."

Nikajiambia neno halina mwenyewe, labda mafundi wote waliliita hivyo. Nikajiambia Injinia yuko safarini, kwa mjomba wake. Moyo ukitaka kudanganywa hauhitaji msaidizi. Lakini mikono yangu ilishajua, kwa sababu kalamu ilipoanguka chini sikuweza kuiokota.

Alikuja mbio kutoka upande wa lifti, anapangua watu. Shati jeupe. Nililichagua mimi lile shati, kwa ajili ya kesho. Alikuwa anamtazama mtoto, uso umejaa hofu ya mzazi, hofu ya kweli, sina la kumsingizia. Halafu akainua macho akaniona.

Macho yale nilishayaona yakinitazama namna nyingi. Yakinicheka, yakinibembeleza, yakinifuata kutoka ghorofa moja mpaka nyingine. Siku ile yalinitazama kama ya mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Yalikwenda kwa mtoto, yakarudi kwangu, yakatafuta mlango. Nilisubiri. Mungu ananiona, hata pale bado nilikuwa nasubiri aseme kitu ambacho kingenirudishia pumzi.

"Si ulisema leo ni zamu ya Kasuku?" akasema.

"Wewe ni nani wa mtoto huyu?" nikamuuliza.

Akalamba midomo. "Huyu ni... ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni mjomba wake."

Dada. Yeye ambaye nilimgombania kwa mama yangu kwamba hana mtu duniani. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono miwili, analia upya, "Baba, kiatu changu kimepotea." Na yule mwanamume, mbele ya macho yangu, alimshika mtoto vidole akamwambia kwa upole, "Sema anko. Mimi nani? Anko."

Mtoto alimtazama baba yake, akarudisha mikono, akaishika sare yangu. Mimi nilishaumia, lakini pale ndipo nilipomchukia. Kunikana mimi ningelia nikanyamaza. Kumkana mtoto aliyekuja na basi kuona ngazi alizotengeneza baba yake, kwa ajili ya kuniziba macho mimi, hilo sikuwa na mahali pa kuliweka.

"Afande," nikasema, "huyu bwana anasema ni mjomba. Mtoto anamwita baba. Mtoto anabaki."

Afande akajongea, kifua mbele. Injinia akainama mezani, akanong'ona. Alisema nisimfanyie hivi, tuzungumze pembeni, kuna mambo siyaelewi, kesho atanieleza yote. Alinong'ona kwa sauti ileile aliyokuwa ananiambia nayo fumba macho. Ajabu ni kwamba bado ilinigusa. Ningependa kuwaambia kwamba upendo ulikufa papo hapo, lakini haukufa, ulikuwa umesimama pale pale unatetemeka, na mimi nikamuuliza tena.

"Wewe ni nani wa mtoto huyu?"

"Unanijua mimi ni nani."

"Sikujui. Ndiyo maana nauliza."

Akasema kwa sauti ndogo, akiwa anatazama meza. "Baba yake."

"Sijasikia," Afande akanguruma. "Sema kwa sauti, hapa kuna muziki."

"Mimi ni baba yake."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya benki wakageuka. Nikamuuliza Injinia, mtoto wake ana alama gani ambayo sikuitangaza. Akasema plasta, goti la kulia, alianguka jana kwenye ngazi za nyumbani, na yeye baba ndiye aliyeibandika. Jana. Jana jioni nilimtumia sauti yangu, nikamwambia safari njema, msalimie mjomba, na akanijibu kwamba barabara ni mbaya lakini moyo uko kwangu. Nikamuuliza mtoto kama ni kweli, akaitikia kwa kichwa, nikamshusha mezani. Nikamwelekeza kwa baba yake, na utaratibu ukawa umekamilika.

Mtoto alikuwa hajamfikia bado, nikamwona mwanamke anakuja taratibu katikati ya watu, ana kiatu kidogo mkononi. Mrefu, amefunga kitambaa kichwani, hana haraka. Nilijiandaa kwa lolote. Nilijiambia nikitukanwa nitakaa kimya, kwa sababu mimi ndiye mwizi hapa hata kama sikujua nimeiba. Akapiga magoti, akamvisha mtoto kiatu, akambusu kichwani. Ndipo akaniangalia.

"Sema kitu," akaniambia.

Sikumwelewa. Nikamwambia pole kwa mtoto kupotea.

"Ndiye wewe." Akatikisa kichwa taratibu. "Nimekusikia sana kwenye simu ya mume wangu. Nikamuuliza huyu nani, anamwambia mtu lala salama. Akaniambia ni sauti ya jengo. Ni rekodi, wanaijaribu kabla ya kufungua. Nikasema sawa, nitakuja siku ya ufunguzi niisikie ikiwa jengoni."

Injinia akataka kuingilia. Mkewe hakumgeukia.

"Tulikuwa kwenye ngazi za umeme ulipotangaza gari jeupe. Akaniambia, unaona, si nilikwambia ni rekodi. Nikasimama nisikilize vizuri, watu wananigonga mgongoni. Ndipo mkono wa mtoto ulipotoka mkononi mwangu." Akamvuta mtoto karibu. "Halafu ukatangaza mara ya pili. Rekodi haiwezi kujua leo mwanangu kavaa gauni la njano."

Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua naanzia wapi. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, mumewe aliniambia nini kuhusu yeye. Kwamba amekufa, au kwamba ameachwa?

"Hakuniambia kama upo," nikamjibu.

"Basi tumelingana. Na mimi aliniambia wewe hupo."

Hapo ndipo Injinia alipopata ulimi. Akasema nimemtega, nilijua atakuja, nilimwambia Jumamosi siko kazini ili nimdhalilishe mbele ya watu. Mtu mzima yule, jasho linamtiririka ndani ya kiyoyozi. Nilimwambia kitu kimoja tu.

"Kesho usije."

"Kesho kuna nini?" mkewe akauliza.

"Alikuwa aje kwetu kuniposa. Yeye na mjomba wake, maana ni yatima."

Mwanamke yule alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha ndani yake. Akaniambia mama mkwe wake yuko nyumbani kwake sasa hivi, anaumwa miguu, na baba mkwe yupo, na mawifi watatu ambao kila sikukuu wanamjazia nyumba mpaka yeye analala jikoni. Mama yangu aliyekuwa anatafuta shangazi wa kugombana naye, kumbe walikuwepo tele. Akamshika mtoto mkono, safari hii kwa nguvu. Akaniambia ahsante kwa kumtunza mwanangu, akaondoka kuelekea mlango wa maegesho. Mumewe alibaki katikati, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akamfuata, kwa mbali, kama mtu asiye na uhakika kama amealikwa. Hakugeuka. Nilikuwa nataka ageuke, na ninajichukia kwa hilo mpaka leo.

Nikamwomba Afande anishikie meza. Nadhani alikuwa amesikia kuliko nilivyodhani, kwa sababu aliniambia kwa sauti ya chini, mara ya kwanza tangu nimjue, "Nenda mwanangu." Nikaenda kwenye chumba cha kunyonyeshea, ndicho pekee chenye komeo kwa ndani na kiti kizuri. Palikuwa peupe, pananukia rangi mpya. Nikalia humo mpaka kifua kikauma. Halafu nikampigia mama, kwa sababu hata nikificha vipi, kesho ingefika.

Nilimweleza yote bila kupunguza. Mke, mtoto, mama mkwe mwenye miguu mibovu. Nilikuwa nasubiri aseme si nilikwambia. Nilitamani aseme, nipate mtu wa kugombana naye, hasira ingenisaidia kusimama. Lakini nilichosikia ni viti vinaburutwa nyuma yake. Vilikuwa viti vya kuazima, alivizungukia mlango kwa mlango wiki ile yote, na kila mlango alijisifu kwamba binti yake anaposwa, tena na injinia.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia." Nikasikia anawaambia watu waache viti. "Maliza kazi yako, usiharakishe. Viti nitavirudisha mimi mwenyewe, kabla hujafika. Wakiuliza, nitawaambia ni mimi niliyekataa."